Nani Bora Kupita Mlango wa Ghala

Jumatano, mfungo mosi, siku ya pili. Miaka tisa na miezi minne tangu niondoke Kondoa.

Jua kali tangu asubuhi, upepo hafifu, chumvi inang'aa mpaka macho yanauma. Mkono wangu wa kushoto umevimba kuanzia kiwiko. Goti la kulia nalo halikunji vizuri. Nimechekwa leo na watu wasiopungua mia, wengine wamenicheka mpaka wakakaa chini.

Nina furaha ambayo sikumbuki mara ya mwisho niliipata lini.

Wanaosoma hapa wanajua mimi si mtu wa maneno mengi. Darasa la tano ndilo langu la mwisho. Naandika kwanza kwenye daftari, halafu siku ya soko nachapa kwa vidole viwili kwenye duka la intaneti pale Lindi mjini. Leo nitaandika kirefu kwa sababu leo ilikuwa siku ya mbio za punda, na mbio za punda ndiyo sikukuu yetu sisi wa mashamba ya chumvi.

Nilikuja huku na punda sita ndani ya lori. Mashamba haya yalikuwa ya shirika la umma, yakauzwa, na tajiri aliyeyanunua akaona watu wanabeba magunia vichwani kutoka kwenye majaruba, yale madimbwi ya kukaushia chumvi, mpaka ghalani. Akaambiwa Kondoa kuna punda. Akanunua punda, na kwa kuwa hakuna mtu huku aliyewajua, akachukua na mtu. Mtu huyo ni mimi. Tulivuka Rufiji kwa kivuko, na punda mmoja akagoma kushuka pale Ndundu. Tulimsukuma watu wanane. Jina lake mpaka leo ni Ndundu.

Nilimwambia mke wangu nitarudi mvua zikianza. Sikusema mvua za mwaka gani.

Mbio zilianza mwaka wa pili, Idi pili kama leo, siku ambayo hakuna kazi. Punda wanatoka kwenye pampu ya maji, wanafuata tuta katikati ya majaruba, wanapita mbele ya mlango wa ghala, wanamalizia kwenye geti kubwa. Si mbali. Mtu mwenye pumzi anaweza kukimbia mwenyewe. Mshindi hapewi kikombe wala hela. Mshindi anamwomba tajiri kitu kimoja, kitu cha humu kazini, na tajiri anajibu palepale mbele ya watu wote. Ndiyo maana watu wanakuja. Wanakuja mpaka wa vijiji vya jirani ambao hawajawahi kugusa chumvi yetu zaidi ya ile ya mbogani.

Shida ya mbio ni moja: ghala.

Hilo ni kosa langu, na nilidhani ni ufundi wangu. Punda wanapofika mlangoni mwa ghala na magunia mgongoni, wanasimama wenyewe. Niliwafundisha hivyo. Hawaondoki hata uwapige, mpaka wasikie mgongo umekuwa mwepesi. Wakishasikia mzigo umeshuka, wanazunguka nyuma ya ghala kwenye hodhi, wanakunywa maji. Kwa kazi ni jambo zuri sana. Kwa mbio, ni kama kujenga ukuta katikati ya uwanja. Mpandaji naye ni mzigo. Punda anasimama, anangoja ashushwe.

Kwa hiyo ubishi wa kila mwaka hauhusu nani ana mbio. Ni nani bora kupita mlango wa ghala.

Wazee wanamtaja Chande wa Kitomanga. Huyo alishinda mara tatu mfululizo. Chande alikuwa na miaka hamsini na kitu, mwembamba kama mti wa kutundikia nguo. Punda wake akisimama ghalani, yeye hampigi, hamvuti. Anatoa kopo la ugoro, anavuta taratibu, anasema maneno ya Kimwera kwa sauti ya chini kama anaongea na mkwe. Wenzake wanapiga punda wao, punda wanakasirika, wengine wanalala kabisa. Wa Chande anachoka kungoja, anaondoka mwenyewe. Ombi lake la kwanza lilikuwa kibanda cha makuti cha kulia chakula na kusali adhuhuri. Kabla ya hapo tulikula juani. Wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kupishana vijijini na mizani zao, Chande akasema anarudi kwenye mikorosho yake. Watu walimsindikiza mpaka barabarani.

Vijana wao wanamtaja Saidi wa Kikole, na wakimtaja wanacheka kabla hawajamaliza jina. Saidi alivaa suruali ya jinzi ya mtumba, miwani ya jua na tai. Tai yenyewe nyekundu, ya mtumba pia. Alipokaribia ghala akaivua shingoni, akamfunga nayo punda macho. Punda hakuona mlango, akapita. Uwanja mzima ulipagawa. Akaomba redio ya kuwekwa kwenye kibanda, na wazee wakanuna kwamba ameharibu ombi. Baada ya wiki wazee haohao ndio waliokuwa wanagombana nani aishike. Mwaka uliofuata Saidi akafunga tai tena, na punda akaenda moja kwa moja ndani ya jaruba, Saidi juu yake, miwani usoni. Alitoka mweupe kama mtu aliyepakwa unga. Sasa yuko Dar, anauza hizo nguo. Nasikia ana meza yake.

Halafu Somoe.

Somoe ni mwanamke wa kijiji cha Sudi, mjane, miaka thelathini na kidogo. Anabeba chumvi kutoka majaruba ya mbali ambako tuta ni jembamba na punda hawafiki. Alipojiandikisha mwaka juzi mnyapara alimwambia, "Dada, hii si ngoma." Somoe akamjibu, "Ndiyo maana sikukualika ucheze." Akavaa suruali ndani ya kanga, akapanda Chausiku, yule punda mweusi, akapita mlango wa ghala kama vile ghala halipo. Hakuna aliyeelewa kwa nini punda alimkubali. Ombi lake: wanawake wapewe viatu vya mpira kama wanaume. Chumvi inapasua nyayo, na miaka yote wanawake walikuwa wanafunga nyayo kwa matambara. Mwaka jana akashinda tena, akaomba mnyapara aache kuwaita wanawake kwa filimbi. Tajiri aliona haya. Filimbi iliondoka siku hiyohiyo.

Ukiniuliza mimi, sijui niseme nani. Nilikuwa sioni. Miaka yote kazi yangu ni kushika punda kule kwenye pampu na kuwaachia. Nasikia kelele tu.

Mwaka huu nilipanda mwenyewe.

Sababu ni Zuhura, binti yangu. Nilipoondoka alikuwa darasa la tatu. Sasa amemaliza kidato cha nne, ndiye aliyenifundisha kwa simu jinsi ya kuandika hapa, ili asome akiwa Kondoa mjini badala ya kungoja barua. Nimemwona mara moja tu katikati, nilipokwenda kumzika baba, siku nne. Anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo, mfungo mosi kumi na moja. Kaka yangu anaweza kumwozesha kwa niaba yangu, dini inaruhusu, na kaka yuko tayari. Zuhura hayuko tayari. Aliniambia kabla ya Ramadhani, kwa sauti ya utulivu kabisa: "Sitaki wakili. Nataka baba yangu aseme mwenyewe. Usipokuja, nitaolewa, lakini nitakumbuka."

Nililala na neno hilo mwezi mzima.

Nilimwomba tajiri ruhusa mara mbili. Mara zote akasema jambo moja: mvua ziko karibu, chumvi yote iko nje, nikiondoka punda watashikwa na nani. Na ni kweli. Hakuna anayejua kuwakata kwato. Hakuna anayejua kufunga magunia yasiwachubue mgongo. Hakuna anayejua kwamba yule punda anayeitwa Mpole haumwi tumbo, anadanganya.

Ngoja niandike na hili, maana nisipoandika leo sitaandika tena. Hakuna anayejua kwa sababu mimi nilikataa kufundisha. Saidi aliniomba. Somoe aliniomba mara mbili. Nilimwambia punda hawapendi mikono miwili tofauti, jambo ambalo ni uongo mtupu. Kwetu punda mmoja anashikwa na ukoo mzima. Kisu cha kwato nilikifungia sandukuni. Nilitaka nisiachwe. Nilikuwa mgeni, bila mkorosho wala mjomba, na punda ndio walionifanya niwe mtu.

Nikajifunga mwenyewe, kwa kamba yangu, na nikawa namlaumu tajiri.

Basi nikaamua nishinde, nimwombe mbele ya watu, aone haya. Ramadhani nzima, baada ya daku na sala, nilikuwa namtoa Ndundu kabla watu hawajaingia kazini. Nampitisha mbele ya mlango wa ghala bila kusimama. Siku za mwanzo aligoma. Kufikia kumi la pili la mwezi akawa anapita vizuri, hata haugeukii mlango. Nikajiona nimemaliza kazi.

Leo asubuhi nilipoandikisha jina, watani wakaanza. Mzee Nampoto, Mmakonde anayeshika mizani, akaniuliza, "Hamisi, unampanda punda au mnapandana kwa zamu?"

Nikamwambia tutapanga njiani.

"Kwao punda ni shemeji," mwingine akadakia. "Hawezi kumpiga, atashtakiwa kwa wazee."

Somoe alikuja nilipokuwa nafunga kamba. Akanipa shikamoo, nikamwitikia marahaba. "Kaka Hamisi, leo umechoka kuwa nyuma?"

"Nina shida na ombi."

"Wote tuna shida na ombi," akasema, akaenda kwa Chausiku wake.

Tukaachiwa. Sikujua punda anarusha hivyo. Nimekaa nao umri wangu wote, nimewapanda kwenda kisimani, sikuwahi kupanda anayekimbia huku watu wanapiga madebe. Lakini Ndundu alikwenda. Watatu tukawaacha mapema. Mmoja aligeukia majani, wawili walianza kugombana wenyewe. Mbele tukabaki mimi, Somoe, na kijana mmoja wa pampu aliyekuwa anasoma dua kwa sauti. Nilikuwa mbele, wallahi. Nilimsikia Nampoto anapiga kelele, "Mrangi, usigeuke nyuma."

Tukafika ghalani. Ndundu akasimama.

Akasimama kama lori lililozimika. Nikampiga kisigino, nikamsemesha, nikamwita kwa majina yote hata yale ya kwetu. Hapo ndipo nikaelewa nilichofanya. Mwezi mzima nilimfundisha nikiwa nimemshika kamba, natembea kando yake. Mgongoni hakuwa na kitu. Punda hakuwa amejifunza kupita ghala. Alikuwa amejifunza kwamba asipobeba mzigo halazimiki kusimama, na hilo alikuwa analijua tangu zamani.

Miaka tisa nawaambia watu mimi ndiye mjuzi wa punda.

Nikiwa nimekwama nikamwona Somoe anakuja, na kwa mara ya kwanza nikaona anavyofanya. Hatua chache kabla ya mlango anateleza nyuma taratibu, anakaa juu ya makalio kabisa, karibu na mkia, miguu ameikunja. Mahali pa magunia panabaki patupu. Chausiku akasita, akasikia mgongo mwepesi, akajua ameshushwa, akaanza kuzungukia kwenye hodhi. Somoe akamgusa sikio la kulia kwa kidole tu, punda akanyooka akaenda zake getini. Hakushuka, hakupiga, hakufunga mtu tai. Alikuwa amewaelewa punda wangu kuliko mimi, kwa kuwatazama tu kutoka mbali na gunia kichwani.

Mimi nikafanya kosa la mwisho. Nikashuka. Ni mazoea, punda akisimama ghalani mimi hushuka. Kamba nilikuwa nimeizungusha mkononi. Ndundu aliposikia nimeshuka, akashukuru, akaenda kunywa maji. Akaenda na mimi. Nilivutwa kwa tumbo kutoka mlangoni mpaka kwenye hodhi, mbele ya wake za watu, na kanzu yangu ya Idi.

Nampoto alikuja kunifungua kamba. Alishindwa mara mbili kwa kucheka. "Mwachie Mola," akasema. "Shemeji alikuwa na kiu."

Nilicheka na mimi. Sikutegemea, lakini nilicheka, tope mdomoni. Halafu nikamkumbuka Zuhura na kicheko kikakatika.

Tukakusanyika getini. Tajiri alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa vizuri, anajipepea. Akasema, "Haya Somoe, umetuzoea. Mwaka huu nini? Sema taratibu, moyo wangu mdogo."

Watu wakacheka. Wanawake walikuwa wanategemea aombe choo chao kiwekwe mlango, walikwisha kubaliana. Somoe akajifunga kanga vizuri.

"Mlango wa choo tutautengeneza wenyewe, nimepata mbao. Mimi nataka punda."

"Punda gani? Umpeleke wapi?"

"Sitaki kumpeleka popote. Nataka kazi ya punda. Shingo yangu imechoka. Nimebeba chumvi miaka saba, nikigeuza kichwa nasikia mlio. Nataka nifundishwe, niwashike."

Tajiri akaacha kujipepea. "Punda wana mtu wao," akasema, akanitazama. Wote wakanitazama. Nimesimama pale na kanzu yenye tope.

Nitaandika kweli tupu. Kitu cha kwanza nilichosikia ni hasira. Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nilimwona kama mwizi aliyeingia chumbani kwangu na kuniomba nimshikie taa.

Kisha nikatazama shingo yake. Nikaona jinsi anavyoishika kwa mkono akiongea. Na nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona kabla ya mwezi wa Ramadhani, kabla ya kanzu kuchafuka: jibu la lile swali la tajiri, punda watashikwa na nani, lilikuwa limesimama mbele yangu na suruali ndani ya kanga.

Nikasema, "Mpe."

"Unasemaje?"

"Mpe, tajiri. Nitamfundisha kuanzia leo. Anajua nusu, umeona mwenyewe. Jumamosi naondoka, naenda kumwozesha binti yangu."

Tajiri si mtu mbaya, ila anapenda vitu vibaki pale alipoviweka. "Ombi ni moja," akasema. "Mmeniomba mawili."

Nampoto akasema kutoka nyuma, "Moja lina mimba, tajiri."

Hata tajiri alicheka. Alipomaliza akaniambia, bila ukali, "Nenda. Lakini Hamisi, siwezi kukuahidi punda ukirudi. Somoe anaweza kukuzidi. Utabeba kama wengine."

Nikamwambia nimesikia. Nilisikia kweli. Lakini neno lake lilikuwa jepesi kuliko lile la Zuhura.

Baada ya adhuhuri nikafungua sanduku nikatoa kisu cha kwato. Tulianza na Mpole kwa sababu ndiye mvumilivu. Nikamwonyesha Somoe jinsi ya kuinua mguu, jinsi ya kuegemea bega ili punda asijue kama ameshikwa. Alikuwa na mkono mwepesi. Nikamwambia, "Umejifunza wapi kukunja kifundo hivyo?"

"Kwako. Nilikuwa nachungulia upande wa hodhi."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia hawapendi mikono miwili." Akaendelea kukata. "Nikaona hawa punda ni wavumilivu sana kukaa na mtu mwongo."

Nikamshikia mguu wa pili.

Jioni kwenye kibanda ubishi ulikuwa uleule, redio imezimwa ili watu wasikilizane. Wazee bado wanasema Chande. Vijana wanasema mpandaji ni Saidi, hata yule wa ndani ya jaruba, kwa sababu alianguka kwa heshima. Mmoja akapendekeza jina langu litajwe na mimi, kwa upande wa kuvutwa. Likapita bila kupingwa. Waliponiuliza nasema nani, nilisema Somoe, na mara hii nilisema kama shahidi.

Nimebakiza siku mbili. Kesho ni magunia na kamba za mgongoni, Ijumaa ni dawa za vidonda, na jioni yake nachapa haya mjini. Mkono huu utapoa au utaniuma njiani, sijali. Kanzu nimeifua, doa limebaki, Mama Zuhura ataona na ataniuliza, na nitamweleza yote bila kuruka.

Zuhura, kwa kuwa ni wewe utakayesoma kabla ya wote. Jumamosi alfajiri napanda basi la Dar. Jumapili nalala huko, Jumatatu Dodoma. Jumanne jioni nitakuwa Kondoa, na basi likiharibika, basi Jumatano asubuhi. Mwambie baba yako mkubwa apumzike, nitasema mwenyewe.

Jumanne jioni. Mwambie mama yako anichemshie maji ya kuoga.